Kifutio Kisitawale Darasa la Sanaa

Miongoni mwa vifaa vya mwanafunzi wa sanaa, hakuna kinachofanya kazi nyingi kuliko kifutio. Penseli huchora mstari mmoja, nacho kikaufuta mara tatu. Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa huku Garsen, na karatasi nilizookota zikiwa zimetoboka kwa kufutwa ni nyingi kuliko michoro iliyokamilika. Wenye karatasi hizo si wavivu. Aghalabu ndio wenye vipawa. Kinachowaangamiza ni kutaka kila mstari uwe sahihi mara ya kwanza.

Chukua mfano wa mtoto aliyeagizwa kuchora mtumbwi ukivuka Mto Tana. Mtumbwi anaujua. Maji ya mto anayajua pia, kwamba ni ya hudhurungi na mazito kwa udongo. Hata hivyo huyapaka buluu, kwa kuwa mto aliouona kwenye kalenda ni wa buluu. Akishindwa kuufikia ule wa kalenda, huikunja karatasi na kuitupa. Hasara ya kwanza ni ya mfuko wa mzazi. Ya pili ni kubwa zaidi: mto wa kwetu haukuchorwa, na baada ya karatasi kadhaa mtoto huyo husema hajui kuchora.

Walimu wanaodhani kwamba dawa ni kumwambia asubiri mpaka aive, nawaomba wamtazame mwenzetu mmoja. Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954 huko Nyathuna, alikuwa mwalimu na hakusomea uchoraji chuoni. Katika miaka ya 1980 aliacha chaki akashika brashi. Hakungoja vifaa bora. Alipaka rangi hata juu ya nguo alizovaa. Watu walipomshuku wazimu, alijiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu. Mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Wasanii wa Ngecha, na mwaka 2022 kazi zake za miaka mingi zilionyeshwa jijini Nairobi. Ukizipanga kazi hizo kwa miaka, unamwona mchoraji akibadilika, kutoka rangi nyepesi za maji hadi rangi nzito za mafuta. Mabadiliko hayo aliyapata kwa kuchora.

Jirani yetu Edward Saidi Tingatinga naye alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Aliuawa mwaka 1972. Miaka minne ilitosha kuacha mtindo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Lau angalingoja turubai na rangi za kigeni, tusingalimjua.

Kwa kuyazingatia hayo, nimeweka kanuni darasani mwangu. Vifutio hubaki mezani pangu. Kila mwanafunzi hukunja karatasi moja ipate sehemu nne, na katika kila sehemu huchora kitu kile kile kwa dakika nane. Mchoro wa kwanza huwa wa woga. Wa pili huwa wa pupa. Katika wa tatu mkono huanza kuisahau kalenda. Mara nyingi ni katika wa nne ambapo mvushaji huinama juu ya pondo lake kama wavushaji wanavyoinama kweli. Msichana mmoja, aliyekuwa na desturi ya kutupa kila alichoanza, alichovya kidole katika udongo wa ukingoni akaupaka mto kwa udongo wa mto wenyewe. Huo aliumaliza.

Wapo watakaonishtaki kwamba nafunza uzembe. La hasha. Mvumbika changa hula mbovu, nami sisifu kazi ya ovyo. Wahenga wetu walisema pia kuwa kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtu atajuaje kosa lake ikiwa amelifuta kabla ya kulitazama? Michoro ile minne ikiwa imekaa pamoja, mwanafunzi huona mwenyewe alipokosea na alipojirekebisha. Huo ndio ustadi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatuhimiza tuhifadhi kazi za wanafunzi katika majalada. Mwalimu mwenzangu, usiweke humo kazi safi pekee. Weka na zile zilizoitangulia, uziandike tarehe, uzipe alama pamoja. Nawe mwanafunzi, maliza mchoro ulio mbele yako hata kama mstari umepinda. Kisha chukua karatasi nyingine.