Mazoezi yalingane na mwili wako, si wa jirani

MTU akiambiwa na daktari afanye mazoezi, jambo la kwanza analofikiria ni kununua raba na kuanza kukimbia alfajiri. Katika mji kama Nyamira, ambako ukitoka nje ni kupanda au kushuka, wengi hukata tamaa kabla ya wiki kwisha. Magoti yamevimba, mapaja yanauma, na raba zinarudishwa mvunguni.

Kosa lao si uvivu. Wamejaribu kuiga mazoezi ya mtu mwingine. Naftali Temu, mwana wa Gusii aliyeishindia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka wa 1968, alikuwa mwanajeshi wa miaka 23. Karani wa miaka 50, mwenye kitambi na anayeketi tangu asubuhi hadi jioni, hawezi kuanzia hapo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zamani ilisemwa kwamba ni lazima mtu aendelee kwa dakika 10 au zaidi bila kukatiza. Sharti hilo liliondolewa, kwa hiyo hata dakika tano za kwenda dukani zinahesabiwa. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba.

Mlima nao una mambo yake. Kupanda hufanyisha kazi moyo na mapafu, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti na mapaja, kwa sababu misuli hujikaza kuuzuia mwili usiporomoke. Mwenye magoti mabovu na apande kwa miguu, kisha ashuke kwa bodaboda. Atakayecheka na acheke.

Mchuma majani chai hali yake ni tofauti. Ameshinda amesimama na kikapu mgongoni. Kumwambia akimbie jioni ni kumwonea. Anachohitaji ni kunyoosha mgongo na mabega, kisha apumzike. Nyanya naye aweza kuanzia kitini: ainuke bila kujishika, aketi polepole, mara tano. Mapaja yenye nguvu humsaidia asianguke njia inapoteleza wakati wa mvua.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Yeyote atakayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame papo hapo na kutafuta matibabu.

Na yule karani? Ashuke kwenye matatu kituo kimoja kabla ya kwake, siku tatu kwa wiki, na amalizie safari kwa miguu. Baada ya mwezi, ashuke vituo viwili kabla.