Maziwa ya mbuzi: chakula kizuri, lakini yachemshe kwanza

Akina mama wanaokuja kliniki ya watoto hutuuliza mara kwa mara: je, ni kweli maziwa ya mbuzi ni dawa? Wengine wameambiwa yanatosha badala ya maziwa ya mama. Wengine wameambiwa ukiyachemsha nguvu yake inapotea.

Maziwa ya mbuzi si dawa. Ni chakula, tena kizuri. Yana protini ya kujenga mwili, mafuta ya kutia nguvu, kalsiamu ya mifupa na meno, na vitamini A inayolinda macho. Kwa familia inayoishi kwa posho ya unga, maharage na mafuta, kikombe kimoja ni nyongeza kubwa, hasa kwa mtoto aliyeacha kunyonya, mama mjamzito na mzee asiyeweza kutafuna. Lakini mtoto anayetoka vipele au kuvimba uso akinywa maziwa ya ng'ombe asipewe ya mbuzi kwa kudhani ni salama. Mara nyingi yatamdhuru vilevile.

Vitu viwili ni vichache sana ndani yake: madini ya chuma, na foleti, ambayo ni vitamini inayosaidia kutengeneza damu. Mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya mbuzi matupu anaweza kuishiwa damu. Kwa hiyo mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe. Ikiwa mama amefariki au hawezi kunyonyesha, mleteni mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, msianze na mbuzi wa jirani. Akitimiza miezi sita, maziwa yaliyochemshwa yaongezwe kwenye uji wake. Apewe pia maharage yaliyopondwa na mboga kama lengalenga na matembele, huku akiendelea kunyonya.

Sasa habari ya kuchemsha. Mbuzi anaweza kuonekana mnene na mzima huku maziwa yake yana vijidudu vya brusela. Zamani wanajeshi wa Kiingereza katika kisiwa cha Malta walisumbuliwa na homa isiyoeleweka. Mwaka 1887 daktari David Bruce alikigundua kijidudu chenyewe, na mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa huko huko Malta, akaonyesha kuwa kinakaa kwa mbuzi. Wanajeshi walipokatazwa maziwa hayo mwaka 1906, homa ilipungua sana.

Homa hiyo huja na kuondoka. Mgonjwa hutoka jasho jingi usiku, viungo na mgongo humuuma, na uchovu hauishi. Inafanana mno na malaria, hivyo mtu anaweza kumeza dawa za malaria mara mbili tatu bila nafuu. Ukiugua namna hiyo, mwambie mganga kama unakunywa maziwa mabichi au umemsaidia mbuzi kuzaa. Usipomwambia, si rahisi akisie. Ugonjwa unatibika, ila dawa ni za zaidi ya aina moja na hutumiwa kwa wiki kama sita. Msiziache katikati eti mmepata nafuu.

Mbuzi akitupa mimba, msishike kitoto wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vizikwe mbali na maji, mbwa na watoto.

Kuchemsha si kazi kubwa. Osha mikono na kiwele, kamulia kwenye chombo safi, bandika mpaka maziwa yachemke na kupanda juu, kisha funika. Kuni ni shida, tunajua. Yabandikeni mara chakula kinapoiva, moto ungalipo. Vitamini chache hupungua kidogo, lakini protini na kalsiamu hubaki.

Wanaopenda maziwa ya mgando nao wachemshe kwanza, wayapoze, ndipo wayagandishe. Kuganda peke yake si kinga ya kutegemea dhidi ya brusela.