Alhamisi ni zamu ya wasichana

Klabu yetu ya michezo ya kompyuta haina bando wala haililii. Tunatumia Scratch, programu ya bure ambayo chuo cha MIT cha Marekani kiliitoa mwaka 2007. Ukishaipakua, intaneti ya nini? Mwanafunzi hupanga vipande vya rangi vyenye amri: ukibonyeza hapa, paka wa kwenye skrini anaruka.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alitaka mpira wake uruke kama wa kweli. Akaupa kasi ya 10, kisha akaipunguza kwa 1 kila mzunguko. Ilipofika 0 mpira ukasita juu. Ilipoingia hasi, ukaanguka. "Mwalimu, kumbe hasi ina kazi!" Darasani nilikuwa nimelifundisha hilo mpaka chaki ikaisha.

Wavulana wana Jumanne yao. Wakiwa pamoja, kipanya hakiwafikii wasichana.