Barabara ya Mita 6 Isigeuke ya Mita 8: Kurekebisha Uwiano wa Picha za Video

Video fupi za miradi ya maendeleo siku hizi hupigwa karibu katika kila wadi. Afisa wa wadi hupiga kwa simu, kikundi cha vijana hupiga kwa kamera ya kukodi, kisha mtu mmoja mwenye kompyuta huunganisha vipande vyote kuwa video ya dakika 3 ya kuonyeshwa kwenye mkutano wa hadhara na kusambazwa kwa WhatsApp. Ni wakati huo wa kuunganisha ndipo hutokea kosa ambalo wengi huliona lakini hawajui pa kuanzia kulirekebisha: watu wananenepa ghafla, au wanakuwa wembamba kama fito, na magurudumu ya bodaboda yanafanana na mayai.

Wako wanaodhani hilo ni suala la urembo tu. Chukua mfano wa barabara yenye upana wa mita 6, iliyopigwa kwa kamera ya zamani ambayo picha yake ni ya 4 kwa 3. Picha hiyo ikivutwa ili ijaze skrini ya kisasa ya 16 kwa 9, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja huku kimo kikibaki vilevile. Ukiilinganisha na kimo cha mtu aliyesimama kando yake, barabara hiyo sasa inaonekana kama ya mita 8. Mkaazi anayetazama ili ajue kama mwanakandarasi amefanya kazi aliyolipwa atakuwa amepewa habari isiyo ya kweli, ingawa hakuna aliyekusudia kumdanganya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na pia haki ya kutaka habari zisizo za kweli zinazomhusu zisahihishwe.

Uwiano wa picha ni upana wake ukilinganishwa na kimo chake. Simu iliyolazwa kwa kawaida hupiga video yenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani 16 kwa 9. Ukiisimamisha, inakuwa 9 kwa 16. Programu ya kuhariri hutaka mradi mzima uwe na uwiano mmoja, kwa hiyo kipande chenye umbo tofauti lazima kifanyiwe jambo moja kati ya matatu: kivutwe, kikatwe, au kiachiwe nafasi tupu pembeni. Kuvuta ndiko kosa lenyewe. Hayo mengine mawili ni uamuzi wa mhariri, na yana gharama zake.

Ili kulitambua kosa, tafuta kitu cha duara kinachotazamana na kamera moja kwa moja, kama vile gurudumu, sahani au mfuniko wa sufuria. Simamisha video hapo, kisha pima duara hilo kwa rula juu ya skrini. Likiwa na upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 6, hiyo ni picha ya 4 kwa 3 iliyovutwa kuwa 16 kwa 9. Likiwa kinyume chake, picha pana imebanwa. Gurudumu linalotazamwa kwa upande halifai kwa kipimo hiki, kwani linaonekana jembamba hata picha ikiwa sawa.

Kabla ya kugusa chochote, fungua faili asili kwa programu kama VLC. Ikiwa faili asili iko sawa, kosa limo ndani ya mradi wako. Katika DaVinci Resolve, Kdenlive au Shotcut, ambazo zote zinapatikana bila malipo, nenda kwenye mipangilio ya kipande husika na uchague picha nzima iingie ndani ya fremu bila kuvutwa. Picha ya 4 kwa 3 itachukua pikseli 1440 na kuacha 240 tupu kila upande. Mikanda hiyo myeusi haina ubaya wowote. Wengine huijaza kwa nakala yenye ukungu ya picha ileile. Ni hiari, ingawa kwa maoni yetu huvuta jicho mbali na jambo lenyewe.

Ikiwa faili uliyopewa tayari imevutwa na aliyeitayarisha hana asili yake, bado kuna nafuu. Fungua kifungo kinachounganisha upana na kimo, punguza upana hadi asilimia 75, na uache kimo kwenye asilimia 100. Nyuso zitarudi zilivyokuwa. Kumbuka kwamba kubadilisha uwiano ndani ya VLC hubadilisha tu unachokiona wewe. Faili utakayomtumia mwenzako itabaki na kosa lake.

Kanda za zamani zinahitaji uangalifu zaidi. Rekodi za kidijitali za mfumo wa PAL uliotumika nchini zina pikseli 720 kwa 576, iwe picha ni ya 4 kwa 3 au ya 16 kwa 9. Pikseli zake si mraba. Hivyo basi, kompyuta isipoambiwa picha ni ya aina gani, hubahatisha. Katika sifa za kipande, ieleze: picha ya 4 kwa 3 itaonyeshwa kama 768 kwa 576, na ya 16 kwa 9 kama 1024 kwa 576. Mwenye kanda za mikutano ya mabaraza ya kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, ambamo wazee wanaeleza mipaka na visima, asiitupe kanda asili kwa kuwa tu ameihamishia kwenye kompyuta.

Picha iliyovutwa hurekebishika, lakini iliyokatwa hairudi. Ukikata video ya 16 kwa 9 ili ijaze simu iliyosimama, kati ya pikseli 1920 za upana unabaki na 608 hivi, chini ya theluthi. Anayeondoka kwanza huwa ni mkalimani wa lugha ya ishara, kwa sababu yeye huwekwa pembeni. Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia lugha hiyo, na kiziwi aliyetumiwa video ya bajeti isiyo na mkalimani hajatumiwa kitu. Afadhali uiache picha pana iwe nzima katika sehemu ya juu ya skrini ya simu. Itachukua kimo cha pikseli 608 hivi, na chini yake itabaki nafasi ya zaidi ya 1300. Tengeneza nakala ya video, kata kisanduku cha mkalimani peke yake, kikuze bila kukivuta, na ukiweke hapo pamoja na maandishi.

Mwishowe, ijaribu video kwenye simu na kwenye televisheni au projekta itakayotumika siku ya mkutano. Ikionekana sawa kwenye simu lakini imenenepa kwenye televisheni, usirudi kuihariri. Chukua rimoti, tafuta mpangilio wa umbo la picha, na uondoe ule unaovuta picha ijaze skrini.