Mnyororo Uliolika na Shamba la Eka Tatu

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Zanzibar iliitwaa ardhi na kuigawa kwa wananchi katika mashamba ya eka tatu. Tangu hapo "eka tatu" limekuwa jina la kawaida Unguja na Pemba. Lakini eka yenyewe imetokana na nini?

Imeshikamana na mnyororo. Yapata mwaka 1620, Mwingereza Edmund Gunter alibuni mnyororo wa kupimia ardhi wenye urefu wa futi 66, yaani mita 20.12, uliogawanywa katika pingili 100. Miraba 10 ambayo kila upande wake ni mnyororo mmoja hufanya eka moja. Hivyo shamba la minyororo 5 kwa 6 ni eka tatu kamili.

Pima na dhiraa za wazee zilifuata mkono wa mtu, na mikono haifanani. Chuma kilitarajiwa kuondoa ubishi huo. Hata hivyo, chuma nacho hulika.

Jinsi mnyororo unavyorefuka

Kwa kawaida pingili mbili huunganishwa kwa pete tatu. Katika kila kiungo, basi, mna sehemu nne za kusuguana, zenye nyuso nane. Mnyororo mzima una nyuso zipatazo 800. Kila uso ukilika kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, mnyororo hurefuka kwa sentimita 8. Joto la jua halifikii hapo: nyuzi 10 za Selsiasi huurefusha kwa milimita 2 na kitu. Kinyume chake, pingili zilizopinda na pete zilizojaa tope huufupisha.

Nani apate, nani akose?

Fikiria mashamba kumi yaliyopangwa safu moja kando ya barabara ya Bububu, kila moja likiwa na minyororo 5 ya upana na 6 ya kina. Mpimaji anaanza upande wa mjini, akitumia mnyororo uliorefuka kwa sentimita 8. Kila shamba kati ya yale tisa ya mwanzo linaongezeka sentimita 40 za upana. Mwenye shamba la kumi anakosa mita 3.60, ambazo kwa kina cha mita 120.7 ni mita za mraba zipatazo 435. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, lakini ardhi yake imekwenda.

Kosa la kuchomeka kijiti mbele au nyuma kidogo halina madhara hayo. Likiwa sentimita moja kila mara, katika minyororo 45 hufidiana hata likabaki la sentimita 7 hivi. Kosa la mnyororo halifidiani, kwa kuwa daima huelekea upande mmoja. Reli ya zamani ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyokuwa na takriban maili 7, ingepimwa kwa mnyororo huohuo, kosa lingefikia mita 45.

Mwanafunzi aangalie jambo moja hapa. Mnyororo mrefu ukitumika kukata shamba jipya, shamba huwa kubwa mno. Ukitumika kupima shamba lililopo, husoma pungufu.

Dawa yake

Urefu wa kweli hupatikana kwa kuzidisha urefu uliosomwa kwa uwiano wa mnyororo ulivyo na unavyopaswa kuwa. Kwa eneo, uwiano huo huzidishwa kwa wenyewe.

Leo wapima ardhi hutumia utepe wa chuma, vyombo vya elektroniki na satelaiti, lakini kila chombo bado huhitaji kulinganishwa na kipimo sanifu. Shule inaweza kujifunza hayo kwa gharama ndogo: alama mbili zichorwe kwenye sakafu ya saruji, mita 20 kamili kwa utepe ulio sahihi, kisha kamba ya darasa ilinganishwe nazo kabla na baada ya kupima uwanja. Bububu, ambako mashamba yanazidi kugeuka viwanja vya nyumba, mita 3.60 ni upana wa chumba.