Mto Hautunzwi na Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, ukipata siku ya kwenda Nairobi kwa shughuli zako, usirudi nyumbani kabla ya kutazama mahali pawili. Pote pawili pako kando ya maji, na pote pana fundisho kwa mtu mwenye shamba.

Pa kwanza pako mjini kabisa, karibu na mzunguko wa barabara wa Globe, ambapo Mto Nairobi unapita katika bustani. Zamani palikuwa jaa la takataka. Kuanzia mwaka 2008, Bwana John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliishika kazi kwa ukali. Takataka zikaondolewa, miti ikapandwa, na njia za kutembea kwa miguu zikatengenezwa. Alipofariki mwaka 2012, bustani ikapewa jina lake. Lakini msimamizi alikuwa ameondoka. Bustani ikaanza kuharibika tena, na mwaka 2020 ikabidi Serikali iitengeneze upya.

Pa pili pako upande wa magharibi, mwendo wa kilometa 3 hivi kutoka katikati ya mji, kando ya mto Kirichwa Kubwa. Ni bustani ya miti iitwayo Arboretum, yenye hekta 30 hivi. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, ijulikane ni ipi inayokua upesi, kwani reli ilihitaji kuni nyingi. Miaka mingi baadaye ilikuwa imechakaa, na watu waliogopa kuingia. Ndipo mwaka 1993 wananchi wapenda miti wakaunda chama cha Marafiki wa Arboretum. Wakashirikiana na Idara ya Misitu, wakasafisha, wakatengeneza njia na kubandika majina kwenye miti. Leo familia hutembea humo, na watoto wa shule hujifunza.

Je, umeiona tofauti? Bustani ya kwanza ilitegemea mkono wa mkubwa mmoja. Ya pili ilipata majirani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ililikubali jambo hilo, ikawaruhusu wakaao jirani na msitu kuunda vyama na kuutunza pamoja na Serikali.

Huenda ukasema, "Mimi ni mkulima, bustani ya watu wa mjini yanihusu nini?" Fuata maji. Kirichwa Kubwa huingia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani wapo watu wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji hayo hayo. Uchafu unaotupwa mjini huishia katika sufuria ya mtu aliye mbali. Tena ukingo wenye majani na miti hupunguza mbio za maji. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu Nairobi, na walioumia zaidi ni waliokaa kando ya mito.

Basi, nawe fanya haya kwako:

Kwanza, usilime hadi ukingoni. Kanuni za Kenya hutaja ukanda wa mita 6 kwa uchache, hata kufikia mita 30, kila upande wa mto.

Pili, panda majani ya tembo, mianzi au miti ya kienyeji katika ukanda huo. Mkaratusi hunywa maji mengi. Upande mbali na mto.

Tatu, kaa na majirani zako, wa ng'ambo hii na ng'ambo ile. Chagueni njia moja ya kuteremka mtoni, ili ng'ombe wasibomoe ukingo wote. Tena wekeni siku moja kila mwezi ya kusafisha pamoja.

Usimngoje Waziri aje. Akija, akukute na jembe mkononi. Na akiondoka, kazi isiondoke naye.