Ukizuru Louvre, panga saa kwa kufuata miguu

MZAZI anayesafiri Ufaransa kumwona mwanawe aghalabu hupangiwa siku moja: asubuhi jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, jioni mnara wa Eiffel. Hurejea miguu imevimba, mgongo ukimuuma, na akiulizwa alichoona hakumbuki.

Louvre huonyesha vitu vya sanaa vipatavyo 35,000. Ukikitazama kila kimoja kwa nusu dakika, utahitaji takriban saa 292, yaani zaidi ya mwezi mzima wa saa nane kwa siku. Hakuna anayemaliza. La kujiuliza ni miguu yako itastahimili saa ngapi.

Kutembea polepole na kusimamasimama huchosha kuliko mwendo wa kawaida. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu moyoni. Ukisimama kimya mbele ya picha, pampu hiyo hulegea na maji hujikusanya kwenye vifundo. Shingo nayo hupindwa huku na huku. Mnamo 1916 Benjamin Ives Gilman, katibu wa jumba la sanaa la Boston, Marekani, aliandika kuhusu uchovu huu, akionyesha kwa picha jinsi mtazamaji anavyolazimika kuinama na kujikunja.

Ushauri wangu ni saa mbili asubuhi, chakula na mapumziko, kisha saa moja na nusu basi. Chagua upande mmoja kati ya Denon, Sully na Richelieu. Mona Lisa iko Denon, na foleni yake pekee yaweza kukumaliza nguvu. Keti kila baada ya nusu saa, hata kama hujachoka. Usiende siku uliyotua kutoka Nairobi. Jumanne jumba hufungwa.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Neva za miguu zikiharibika, lengelenge hutokea asihisi, na kidonda kidogo huweza kuishia kwa kukatwa mguu. Asivae viatu vipya, hata kama mwanawe amemnunulia vya kupendeza. Avue soksi jioni akague nyayo. Peremende ziwe mfukoni, kwani foleni haijui saa ya chakula.

Miguu yote miwili ikivimba kidogo, iinue ukilala. Lakini mmoja tu ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu ya ndege, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.